Sita au Tisa: Masikio Yalipoanza Kuninyima Konsonanti

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu walionizunguka walikuwa wameanza kumung'unya maneno. Siku moja niliitwa kwa simu kwenye kikao cha saa tisa, nikafika saa sita, nikakaa saa tatu nzima nikinung'unika kuhusu watu wasiojali muda. Sauti ya aliyenipigia nilikuwa nimeisikia vizuri, tena kwa nguvu ya kutosha, na hilo ndilo lililonifanya nisiyashuku masikio yangu hata kidogo.

Nilipokwenda kupimwa, nilionyeshwa mchoro wenye mstari uliotulia kwenye sauti nzito, kisha ukaporomoka ghafla karibu na hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Irabu hubeba nguvu nyingi ya usemi na huwa katika masafa (kasi ya mitikisiko) ya chini, ilhali konsonanti kama s, f na t ni hafifu na hutegemea masafa ya juu. Kwa sikio lililopoteza masafa hayo, "sita" na "tisa" hubaki i na a tu. Simu nayo huongeza utata, kwani laini za kawaida hukata karibu kila kilicho juu ya hezi 3,400, na kwa hiyo hata mwenye masikio mazima hubahatisha zaidi ya anavyodhani.

Ili kuelewa kwa nini hasara huanzia hapo, inafaa kuifuata sauti ndani ya sikio. Mtikisiko wa hewa hugonga kiwambo, nacho hutikisa mifupa mitatu midogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku, ambayo huongeza shinikizo ili mtikisiko uweze kuingia katika majimaji ya koklea, kile kijumba kilichojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna utando ambao kila sehemu yake huitikia masafa yake: mlangoni sauti nyembamba, mwishoni sauti nzito. Georg von Békésy, aliyechunguza jinsi wimbi linavyosafiri juu ya utando huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo, takribani 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Kelele na umri huziharibu kwanza zile za upande wa mlangoni. Ndege huotesha upya seli hizo zinapokufa; sisi hatuna bahati hiyo.

Mara nyingi husemwa kwamba binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Kipimo hicho ni cha kijana mwenye masikio mazima, na kikomo cha juu hushuka taratibu kadiri miaka inavyosonga, bila mwenyewe kuona pengo lolote, kwa sababu hakuna anayeweza kukosa kelele asiyojua kwamba ipo.

Kosa langu lilikuwa la kizembe. Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika chumba chenye mashine, na ili kuikwepa kelele yake nilivaa spika za masikioni na kupandisha muziki hadi uishinde. Sikujua kwamba desibeli, yaani vipimo vya ukali wa sauti, hazihesabiwi kama kilo za mchele. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini huruhusu saa 8 kwa desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Kama huna kifaa cha kupimia, angalia kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie. Ikiwa ndivyo, vaa vizibo au sogea mbali, maana mahali pa wazi kuongeza umbali maradufu hupunguza takribani desibeli 6. Na ukitoka kwenye kelele masikio yakiwa yanalia, usijifariji kwa kuwa asubuhi mlio umekwisha. Vijiti vya pamba navyo viache: nta hutoka yenyewe, na vijiti huisukuma ndani zaidi.

Hali moja haistahili kusubiri hata wiki: sikio likizibika ghafla na usikivu kupotea ndani ya saa chache au siku chache, muone daktari upesi, kwa kuwa matibabu ya tatizo hilo hufaa zaidi yakianza mapema.

Mimi sasa navaa vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo hukuza sauti lakini havirudishi seli zilizokufa, hivyo katika chumba chenye mazungumzo mengi bado napotea. Kwenye simu nimeacha kumwomba mtu arudie kwa sauti kubwa, kwani irabu ndizo hukua na s hubaki palepale. Namuuliza tu kama saa anayoitaja ni kabla au baada ya saa nane.