Maswali ya Wasomaji: Darasa la Muziki la Mtaa

SWALI: Tunafungua darasa la muziki la mtaa hapa Cheyo, Tabora. Tuna magitaa manne, kinanda kimoja na ngoma mbili. Walioandikishwa ni 20, wa miaka 6 hadi 63. Tuweke ada gani ambayo hata muuza mchicha ataimudu, na tuwapangeje?
Kamati ya darasa

JIBU: Anzeni na malipo ya mwalimu, ndipo mtajua ada. Tuseme mnamlipa shilingi 20,000 kwa saa. Wakikaa wanane, kila mmoja akatoa 3,000, zinapatikana 24,000. Zile 4,000 zinazobaki ni za nyuzi, na zisiguswe kwa chai ya wageni. Kwa kipindi kimoja kila wiki, mwanafunzi atalipa 12,000 kwa mwezi.

Kwa magitaa manne msizidishe wanane. Wawili washike gitaa moja: mmoja anapiga, mwenzake anahesabu mapigo kwa makofi huku akiimba solfa (do-re-mi), kisha wanabadilishana kila baada ya dakika tano. Anayekaa tu kusubiri zamu ndiye atakayeacha darasa mwezi wa pili.

Umri pekee usiwe kigezo cha kuwagawa. Mwanakwaya wa miaka 50 aliyezoea do-re-mi atamwacha mbali kijana ambaye hajawahi kushika sauti ya pili. Watoto wa chini ya miaka 8 tu ndio wakae peke yao, dakika 30, kwa ngoma na kuimba. Kinanda kinunulieni betri, maana vingi vya vibao 61 huzitumia; umeme ukikatika kipindi kinaendelea.

SWALI: Binti yangu ana miaka 7 na anataka gitaa. Nimnunulie kubwa akue nalo?
Mama, Isevya

JIBU: Hapana, dada. Gitaa la mtu mzima lina uzi wa karibu sentimita 65 kutoka darajani (kile kipande kinachoshika nyuzi usoni mwa gitaa) hadi kichwani. Mtoto atalazimika kunyoosha mkono wote na kukunja kifundo cha mkono, na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) hazitatoka. Wa umri wake hutumia gitaa dogo liitwalo la nusu. La robo tatu linafuata akifika miaka 8 hadi 11. Mkalishe dukani alipakate: akifika mwisho wa shingo huku kiwiko kikiwa bado kimekunjika, linamfaa.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa reli, miaka 63, vidole vimekakamaa. Nitaweza?
Mzee, Ng'ambo

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Utaweza, ila chagua gitaa la nyuzi za nailoni, si za chuma. Bonyeza karibu kabisa na freti, vile vyuma vya shingoni, kwa upande wa kichwa cha gitaa. Ukibonyeza katikati utatumia nguvu nyingi na sauti itakwama. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida. Kifundo kikiuma au vidole vikifa ganzi, pumzika.

SWALI: Gitaa letu hulia zzz kila ifikapo Agosti, mvua zikianza linapona. Fundi anataka kubadilisha daraja. Tumruhusu?
Mwalimu wa kwaya, Ipuli

JIBU: Msimruhusu kwanza. Kiangazi cha Tabora hukausha mbao: uso wa gitaa unasinyaa na kuzama, daraja linashuka nalo, nyuzi zinagusa freti. Mvua zikija mbao zinavimba na nyuzi zinapanda tena. Pitisheni kidole pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikwaruza, ni ukavu huo huo, kwa sababu mbao hupungua na chuma hakipungui.

Chukueni kiboksi cha sabuni cha plastiki, kitobolewe kwa msumari wa moto. Wekeni ndani kipande cha sponji kilichokamuliwa hadi kisidondoshe hata tone, kiboksi hicho kilazeni ndani ya mfuko wa gitaa karibu na kichwa, fungeni zipu. Sponji iloweshwe upya kila baada ya siku mbili. Gitaa lisitundikwe ukutani chini ya bati. Baada ya wiki mbili pimeni freti ya 12 kutoka kichwani: uzi mnene ukae juu yake kama milimita 2.5 kwa nyuzi za chuma, 4 kwa nailoni. Likiwa bado linalia, hapo fundi aitwe.

Na jambo moja mafundi wengi hulipuuza: gitaa la nailoni lisifungwe nyuzi za chuma kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mvuto wa chuma unakaribia mara mbili ya ule wa nailoni, na daraja linaweza kung'oka. Mvua za Novemba zikishika, toeni sponji, maana gitaa litaota ukungu.