Kabla Hujanunua Injini Nyingine, Jiulize Gari Linachemsha Wapi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbeya ambaye gari lake linachemsha kila anapopanda mlima, ilhali mjini linatembea kutwa nzima bila shida yoyote. Fundi wake amemwambia kwamba injini imechoka na hakuna dawa isipokuwa kununua injini ya mtumba kutoka Japani, na bei ameshatajiwa. Swali lake kwangu ni kama bei hiyo ni ya haki. Ujumbe huo uliniuma, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe, tena na watu waliokwisha kupokea fedha zangu bila kupima kitu chochote. Namjibu hapa kwa kirefu ili wengine wenye magari nao wanufaike.

Gari langu ni la abiria saba, la petroli, lenye feni mbili za umeme nyuma ya rejeta, na kazi zangu hunitoa Dar es Salaam na kunipeleka Iringa mara kwa mara. Anayeijua barabara ile anajua kwamba Ruaha Mbuyuni ni bondeni, na joto lake ni la kutisha, halafu kabla hujafika Ilula unakutana na mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huwezi kulipita lori kwenye kona, hivyo unapanda nyuma yake kwa gia nzito, injini ikifanya kazi kubwa na upepo wa kupooza rejeta ukiwa hafifu. Hapo ndipo mshale wa joto, ambao siku zote hukaa chini kidogo ya nusu, ulipoanza kupanda.

Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita hadi mwisho na madirisha yote, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya pili inayotoa joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Abiria walilalamika, lakini hatua hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye sehemu pana ya kuegesha. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikasubiri. Utingo mmoja alishuka na kitambaa cha maji akitaka kunisaidia kufungua kifuniko cha rejeta, nikamkatalia. Maji yaliyobanwa na kifuniko kizuri hayachemki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kifuniko chenye alama ya 1.1, ambayo ni kipimo cha mgandamizo kinaoushikilia, huyaruhusu kufika karibu nyuzi 120 yakiwa bado ni maji. Ukikifungua ghafla mgandamizo unaondoka, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja na kuyarusha yaliyobaki usoni mwako. Nimewaona watu wenye makovu ya jambo hilo. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa kiganja na ubonyee kwa urahisi, hata kama safari itachelewa sana.

Niliporudi Dar es Salaam nililipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Mkuu wa gereji alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akatamka kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua. Hakupima mgandamizo wa silinda, hakuangalia kama maji yanatoa mapovu, hakunusa hata moshi wa ekzosi. Waliifungua hedi, wakaweka gasketi mpya, wakalijaribu gari kwa kuzunguka mtaa, wakanikabidhi. Safari iliyofuata lilichemsha palepale Kitonga. Walipolipokea tena wakasema ni pampu ya maji. Nayo ilibadilishwa, nayo haikusaidia, na mwisho nikaambiwa kwa sauti ya huruma kwamba injini imechoka na kwamba yuko mtu anayewauzia injini nzuri. Fedha zilizopotea niliweza kuzifidia baadaye. Kilichobaki kuniuma ni kwamba kila walichokibadilisha kilikuwa kizima, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza gari linachemshia wapi.

Jambo ninalotaka kila mwenye gari alishike ni hili: mahali na wakati gari linapochemsha vinakuonyesha penye ugonjwa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika barabara kuu lina tatizo la upepo, kwa kuwa likisimama hutegemea feni peke yake. Angalia fyuzi, relei (swichi ya umeme inayoiwasha feni), mota ya feni na kihisi cha joto. Katika magari mengi ukiwasha kiyoyozi feni huanza kuzunguka. Ikikataa, umeshapata pa kuanzia. Shikilia karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka: ikivutwa kuelekea rejeta, feni iko sawa, ikisukumwa nje, kuna fundi umeme aliyegeuza nyaya, na feni hiyo inapigana na upepo badala ya kuusaidia. Kwa magari ya feni ya mkanda, kama pikapu nyingi, kinachochunguzwa ni ile klachi yake yenye mafuta mazito ndani. Ukizungusha feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ya moto, ikazunguka kwa ulaini bila kukaza, klachi imekwisha.

Gari linalotulia mjini na kuchemsha mlimani au kwenye mwendo mkali lina shida tofauti kabisa. Feni zake ni nzima, lakini injini inapozalisha joto jingi maji hayawezi kulitoa lote. Wa kwanza kushukiwa ni rejeta iliyoziba. Baada yake inakuja themostati, yaani mlango mdogo unaofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta, isiyofunguka vyema, pampu yenye mapanga yaliyoliwa, au mpira wa chini wa rejeta uliolegea hadi kubonyea pampu inapovuta kwa nguvu. Huo wa mwisho ni rahisi kuuona: mwombe mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, nawe utazame mpira wa chini, ukijibana kama mrija wa soda, badilisha. Kundi la tatu ni gari linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa. Hapo maji yamekwisha, au hewa imenaswa ndani ya mfumo, au themostati imeganda ikiwa imefungwa, au ndiyo gasketi yenyewe.

Ndugu yangu wa Mbeya yuko kundi la pili, nami nilikuwa humo humo. Kama gereji ile ingeuliza swali moja tu, ingeanza na rejeta.

Namna nilivyoipata shida yangu ni rahisi, na mtu yeyote mwenye subira anaweza. Niliendesha gari mpaka likapata joto la kawaida, nikazima injini, nikahakikisha feni haziwezi kuwaka zenyewe kwa kuchomoa plagi zake, kisha nikapitisha kiganja polepole karibu na uso wa rejeta. Rejeta nzima huwa na joto linalopungua taratibu kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Yangu ilikuwa na doa kubwa la ubaridi sehemu ya chini kushoto, kana kwamba hakuna maji yanayopita hapo kabisa. Wenye kipimajoto cha kulenga wataona doa hilo kwa namba.

Niliipeleka kwa fundi mzee wa rejeta, mtu wa maneno machache. Alikunjua meno ya bati yanayoshika tanki la plastiki, akalibandua, akaniita nitazame. Midomo ya mirija ya upande ule ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe uliochanganyika na uchafu wa rangi ya kutu, mgumu kiasi kwamba bati jembamba alilolipenyeza lilikwama baada ya urefu wa kidole. Huo ni ukoko wa chumvi za maji. Kila anayemwaga maji ya bomba au ya kisima kwenye rejeta anapanda ukoko huo, na sehemu zenye maji ya chumvichumvi hujengeka haraka zaidi. Mzee alisema wazi kwamba rejeta ya aluminiamu yenye mirija myembamba hivyo ikizibuliwa kwa nguvu huishia kuvuja, hivyo nikanunua mpya. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya injini niliyotajiwa.

Wakati wa kuifunga tulifungua nyumba ya themostati tukaikuta tupu. Mtu aliitoa, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati imeharibu injini nyingi katika gereji zetu. Themostati huiwezesha injini kufika haraka kwenye joto la kazi na kubaki hapo. Bila hiyo, asubuhi injini huenda muda mrefu ikiwa baridi, kompyuta inamwaga petroli nyingi, na vyuma vinasuguana kabla mafuta hayajapata joto. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, sehemu ya maji hairudi kupoozwa, na mlimani gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uweke jikoni. Joto la kufungukia limepigwa muhuri juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au karibu na hapo, na ikifika nyuzi 95 iwe imeachia uwazi wa milimita 8 au zaidi. Ile yenye kipini kidogo kinachocheza hufungwa kipini kikiwa juu, maana hapo ndipo hewa inapotokea.

Gasketi ya silinda hedi huungua kweli, na sitaki mtu aipuuze kwa sababu ya kisa changu. Lakini ina dalili zake: maji yanapungua na huoni yanapovujia, moshi mweupe wenye harufu tamu unaendelea hata injini ikiwa ya moto, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwasha gari lililolala baridi, mapovu hayaishi kwenye mdomo wa rejeta, au mafuta ya injini yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Kipo pia kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikavuta hewa ya humo. Ikigeuka njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Mwambie fundi akuonyeshe walau dalili mbili kati ya hizo kabla hajashika spana. Hedi ikifunguliwa, dai ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vya mwanya, kwa sababu mpindo wa zaidi ya sehemu chache za mia za milimita unatosha kuiunguza gasketi mpya. Anayefunga gasketi bila kuipima hedi na bila kukaza boliti kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukazia, kwa mpangilio wa mtengenezaji, anakuandalia safari ya kurudi kwake.

Kuhusu kulanti, yaani kile kimiminika cha rangi cha kupoozea injini, sina mengi. Soma kitabu cha gari lako, tumia aina iliyoandikwa humo, na kama ni ile ya kuchanganya tumia maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu. Toyota, kwa mfano, wana nyekundu na ya waridi. Ya waridi huuzwa ikiwa imeshachanganywa na hudumu muda mrefu zaidi, hivyo kuzimwaga pamoja ni kujinyima faida yake. Kifuniko nacho kiangaliwe mpira na springi yake, kwa sababu kikilegea maji huchemka mapema na kumwagika kwenye tanki la akiba bila injini kuwa na kosa lolote. Ukibadilisha, namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ile ya zamani.

Kujaza maji ndiko wengi wanakoharakisha. Tuliinua pua ya gari kwenye mteremko, tukafungua hita, tukajaza polepole, tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi ikiwa bado ya baridi, tukaongeza kulanti kadiri hewa ilivyokuwa ikitoka, tukaminyaminya mipira kwa mkono mpaka mapovu yakaisha na hita ikatoa hewa ya moto. Hita inayotoa ubaridi wakati mshale uko katikati ni ishara ya hewa iliyonaswa, na gari lenye hewa ndani litachemsha hata ukiwa umebadilisha kila kitu.

Tangu hapo nimepanda Kitonga nikiwa na abiria wote saba na mizigo juu, mchana wa jua kali, nyuma ya lori la mbao, na mshale haukusogea. Nilifurahi kuliko siku niliyolinunua gari hilo, na siioni aibu kulisema. Ila hata gari zima lina haki ya kupandishwa kwa adabu: ukiwa bado chini, shusha gia mapema ili injini izunguke kwa wepesi na pampu isukume maji ya kutosha, acha nafasi nyuma ya lori ili upepo wake wa moto usiingie kwenye rejeta yako, na mshale ukivuka mahali pake pa kawaida, usingoje ufike kwenye alama nyekundu. Tafuta pa kuegesha kona ileile, kwa sababu kutoka hapo hadi hedi kupinda ni mwendo wa dakika chache tu.