Nembo ya tano haitauza kitu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kwa nini watu wengi wanaotaka kuanzisha biashara mtandaoni hawaanzi, na mtu aivuke vipi hofu hiyo?" Mimi najibu nikiwa upande wa pili. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na maduka ya mtandaoni, na ukweli ni kwamba hofu za watu zinanilipa vizuri. Mtu ana bidhaa nzuri, ukurasa umekamilika, njia ya kupokea malipo ipo, halafu ananiomba nibadilishe tena rangi ya kitufe cha kununulia. Nabadilisha, namtumia ankara. Rangi ile haijamzuia mteja yeyote, kwa sababu mteja mwenyewe bado hayupo.

Watu hawa si wavivu, na wanaowaita hivyo wanawaonea. Wanakesha. Wanaandika upya maelezo ya "Kuhusu sisi", wanalinganisha majina, wanalipia kozi nyingine, wanachora nembo ya nne na ya tano. Ila ukiitazama kazi yote hiyo, hakuna mahali ambapo mtu asiyewajua anapata nafasi ya kusema "sitaki". Mimi hofu naitambua hapo. Kutaja bei, kuomba oda, kumwandikia mtu aliyeonyesha nia: hayo yanamruhusu mwingine akukatae. Maandalizi hayamruhusu, ndiyo maana ni matamu na hayaishi. Hata ile "bei njoo inboksi" naihesabu humo humo. Wengine wanasema ni mbinu ya mauzo, lakini wengi ninaowaona wanaficha bei kwa kuwa bado wanaionea aibu.

Kisha kuna suala la nani hasa anaogopwa. Ukiuliza, utaambiwa wateja. Endelea kuuliza kidogo utakuta ni shemeji, ni mtu waliyesoma naye, ni mwenzake wa ofisi ya zamani atakayeona tangazo na kusema, "Kumbe siku hizi anauza vitu?" Mwaka 1991 wanasaikolojia wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa tabia ya kudai ukamilifu katika sehemu tatu: mtu kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine wanamdai yeye. Wanaokuja kwangu wamebeba zaidi hiyo ya tatu. Wanajenga duka la kuwaridhisha watu ambao hawatanunua humo hata siku moja.

Na watu hao wenyewe hawatutazami kwa kiasi tunachodhani. Thomas Gilovich na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, jambo la kutia aibu kwa vijana wale, akaingizwa chumbani walimokuwa wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Na hapo watu walikuwa chumba kimoja. Kwenye simu, ambako kidole kinapitisha matangazo bila kusimama, utaonekana na wachache zaidi. Kama bado jamaa wanakusumbua, usipambane nao. Fungua ukurasa wa jina la biashara badala ya jina lako, usiwaalike unaowafahamu, na oda za kwanza zitafute kwa watu baki. Nimeona hatua hiyo ndogo ikiwasaidia watu ambao maneno ya kutiana moyo hayakuwasaidia kitu.

Anayedhani duka lazima lizaliwe likiwa zuri amtazame Pierre Omidyar. Septemba 1995 aliweka mnada mtandaoni akauita AuctionWeb. Ulikaa kwenye tovuti yake binafsi, jirani na ukurasa kuhusu ugonjwa wa Ebola. Kati ya vitu vya kwanza kuuzwa pale ni kalamu ya leza iliyoharibika, na aliyeinunua alijua imeharibika. Mnada ule ndio leo unaitwa eBay, soko kubwa la mtandaoni. Nick Swinmurn naye, mwaka 1999, hakuwa na ghala wala viatu. Alikwenda kwenye duka la viatu akapiga picha, akaziweka mtandaoni, na mtu akiagiza alirudi dukani, akanunua kwa bei ile ile ya wateja wote, akamtumia. Alichotaka kujua ni kama kuna mtu atakayenunua kiatu bila kukivaa kwanza. Mwaka 2009 Amazon, kampuni kubwa ya kuuza vitu mtandaoni, iliinunua kampuni aliyoianzisha hivyo, Zappos.

Lakini sisemi "anza tu, mengine yatajipanga". Nimeshawatengenezea tovuti watu walioanza hivyo, na wateja wao ndio walioumia. Swinmurn hakuwa na ghala, ila aliyelipia kiatu alipata kiatu. Kwa hiyo sikuambii uache kudai ukamilifu, uhamishe. Picha iwe ya kitu chenyewe unachouza, si ya kuokota. Kama kina kasoro, iandikwe. Njia ya malipo ijaribu mwenyewe kabla ya mtu mwingine, kwa pesa zako. Ukisema mzigo utafika Alhamisi, ufike Alhamisi, na utaratibu wa kurudisha pesa uwe umeandikwa kabla hujadaiwa. Namba za simu na anwani za watu zisikae ovyo. Hapo kesha uwezavyo. Nembo inaweza kuwa jina lako kwa herufi za kawaida, na bado mzigo ukafika.

Siku hizi mtu akija kutaka tovuti kubwa namwomba kwanza auze kitu kimoja kwa mtu asiyemjua, kwa picha ya simu na maelezo mafupi. Wengine hawarudi, na pato langu linapungua. Wanaorudi wanajua wanachotaka, na tunamaliza haraka.

Jambo ambalo wanaoanza hawakulitarajia ni kimya. Walijiandaa kwa matusi, wakakuta hakuna aliyesema lolote, wakahitimisha kwamba bidhaa ni mbaya. Kimya kina aina zake. Huenda hakuna aliyeliona tangazo. Basi bidhaa haijakataliwa na mtu, ipeleke penye watu wanaoitafuta. Huenda wameliona wengi na hakuna aliyeuliza. Hapo tazama picha, bei, na kama sentensi ya kwanza inaeleza kitu hicho ni cha nani. Na huenda wapo waliouliza wakaishia hapo. Hao wanastahili muda wako kuliko wote. Mwandikie mmojawapo bila kumbembeleza, umwulize tu nini kilimfanya aache. Ninavyoona, wengi hujibu, na sababu huwa ndogo: hakuona gharama ya usafirishaji, au hakuwa na uhakika kama mzigo utafika kabla ya tarehe anayouhitaji.