Re: Ombi la fedha za utafiti wa vyura wa Alaska limekataliwa mara mbili

Salama ndugu. Nimekuelewa: uko Fairbanks kwa viza ya mwanafunzi, unataka kujua theluji ikipungua vyura wa msituni wa Rana sylvatica watapona vipi, ombi limerudi mara mbili, na unauliza urekebishe nini na kama ujaribu Kanada.

Kwanza angalia uraia. Ule ufadhili wa GRFP, wa wanafunzi wa shahada za juu, unaotolewa na NSF (shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi) ni wa raia wa Marekani na wenye makazi ya kudumu, kwa hiyo usipoteze wiki zako hapo. Mwombe msimamizi wako akuingize kwenye ruzuku yake. Mimi ndivyo nilivyookoka.

Halafu swali lako pana mno. "Athari za mabadiliko ya mazingira" hakuna atakayelitolea hela. Langu lilirudi limepigiwa mstari mwekundu hapo hapo. Bana kwenye jambo linalopimika. Chura huyu hulala chini ya majani makavu, anaganda, moyo unasimama, sukari kutoka kwenye ini inalinda seli zake. Utafiti wa hapo hapo Fairbanks wa 2014 uliwakuta wakihimili nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, wengine wameganda hadi miezi 7. Theluji ndiyo blanketi lao. Basi omba hela ya vile vipima joto vya ukubwa wa kifungo cha koti, vingine uvifukie penye theluji, vingine ulipoifagia kwa koleo. Bajeti ya hivyo inaeleweka.

Vibali vya wanyamapori vya jimbo na vya kamati ya wanyama ya chuo anza kuvifuatilia leo; vyangu vilichelewa kuliko hela. Kanada sijawahi kuomba, huko akusaidie mwingine.