Roboti la kuzungumza na mama: atalikubali?

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 76, anakaa Konde na mjukuu ambaye mchana anashinda skuli. Kaka yangu aliyeko Dubai anataka kumnunulia roboti la mezani, lenye kamera, la kumzungumzisha. Wazee wanavikubali kweli vitu hivi? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wapo wanaovikubali. Mwaka 2022 idara ya wazee ya jimbo la New York, Marekani, ilitangaza mpango wa kuwapa wazee zaidi ya 800 roboti liitwalo ElliQ. Hilo huanza mazungumzo lenyewe, kwa hiyo mzee halazimiki kukumbuka amri ya kutamka. Lakini linazungumza nao Kiingereza, lugha waliyoizoea. Kwa mama yako ningeangalia lugha kabla ya bei.

Programu ya kutambua sauti hujifunza kutokana na sauti ilizolishwa, na Kipemba cha mtu mzima wa Konde ni nadra kuwamo. Tena, ukinyamaza kidogo tu, mashine huhesabu kuwa umemaliza. Mama anaanza, "Jana alikuja yule mtoto wa..." anatulia alitafute jina, roboti limeshadakia. Akikatizwa hivyo mara kadhaa hatalisemesha tena, nanyi mtasema mama kalikataa, kumbe ndilo lililomkosea adabu.

Fanyeni jaribio kabla kaka hajatuma pesa. Chukua simu inayoandika kwa sauti kwa Kiswahili, mwombe mama aeleze anavyopika pweza wa nazi, kisha soma kilichoandikwa. Kama maneno mengi si yake, msitarajie roboti litamwelewa vizuri zaidi. Kama yametoka sawa, muulizeni muuzaji: muda wa kusubiri jibu unarefushika? Sauti inaweza kuwa nzito na ya polepole? Uzee huanza kuondoa usikivu wa sauti nyembamba, kwa hiyo roboti lenye sauti ya kitoto litamchosha bure. Ulizeni pia kama linafanya kazi intaneti ikikatika.

Umbo nalo lina uzito. Wazee wetu wengi hawaridhiki na sanamu yenye macho katika chumba wanachoswalia; ElliQ, kwa mfano, halina uso, kichwa chake ni kama taa inayoinama. Na hiyo kamera! Mchana mama yumo ndani kwake, kanga imeteremka mabegani, kichwa wazi. Aambiwe wazi nani ataweza kumwona, na ajibu mwenyewe, asijibiwe na watoto. Kamera isiyo na kifuniko wala kitufe cha kuizima, mimi singeiingiza nyumbani kwake.

Jaribio likishindwa, mpeni simu yenye vitufe vikubwa, na kaka apange kumpigia kila siku baada ya adhuhuri, kabla mjukuu hajarudi kutoka skuli.