Kabla Hujamtegea Baba Mkwe

Mimi napenda maswali ya mtego. Sisemi vitendawili vya darasani, vya "Tega!" na "Nipe mji". Nasema yale ya mezani, ambayo jibu la kwanza kukujia mdomoni karibu kila mara si lenyewe. Nimeyauliza miaka mingi hapa Kisumu. Swali halikosekani, kazi iko kwa kujua nani wa kutegewa, na lini.

Ukiwa mgeni katika mambo haya, anza na lile la matatu. "Wewe ni dereva. Umetoka Kisumu na abiria kumi na wawili. Maseno wameshuka watatu, wamepanda wawili. Luanda ameshuka mmoja, Yala wamepanda wanne..." Endelea hivyo mpaka Busia, na usipunguze mwendo, maana ukivuta pumzi tu kuna mtu atakumbuka ulivyoanza. Waache wahesabu kwa vidole. Halafu: "Dereva ana miaka mingapi?" Siku moja nilimtegea makanga pale steji. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Bosi, mimi si dereva. Sina hata leseni." Nilimnunulia chai.

Lile la pesa lataka utulivu, na usikubali mtu ashike kalamu. Samaki na ugali, jumla shilingi 550. Samaki amezidi ugali kwa shilingi 500. Ugali ni bei gani? Watasema 50, tena kwa kujiamini. Sasa piga hesabu: ugali ukiwa 50, samaki ni 550, na jumla inakuwa 600. Ugali ni 25. Chanzo chake ni swali la Shane Frederick, mtafiti wa Marekani, ambaye mwaka 2005 alichapisha majibu ya watu 3,428 waliopewa maswali matatu ya aina hiyo. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na kama thuluthi moja hawakupata hata moja. Mimi humtaja huyo Frederick haraka mtu anapokosea, ili asinune. Lakini mama mmoja anayekaanga samaki Dunga hakujali utafiti wa mtu. "Ugali wa 25? Mwambie aje anunue unga."

Jingine katika yale maswali matatu ya Frederick linahusu mimea ya ziwani, nami nimeligeuza kuwa la gugumaji, maana hilo tunalijua. Linaongezeka maradufu kila siku, na siku ya 48 limefunika ghuba nzima. Nusu ya ghuba lilifunika siku ya ngapi? Wasomi hukimbilia 24. Mvuvi mmoja alinijibu 47 bila kuinua macho kwenye wavu wake.

La Musa kuingiza wanyama wangapi wa kila aina kwenye safina, liweke kwa rika lako. Usimuulize mchungaji mbele ya waumini. (Ni Nuhu, kama ulishasema wawili.)

Na wakwe? Hapo ndipo nilipoumia. Tulikuwa kwao mke wangu, upande wa Bungoma, nikaona kimya kimezidi sebuleni. Nikamuuliza mzee: jogoo wako akitagia kwa jirani, yai ni la nani? Mzee hakukurupuka. Alieleza mambo ya mipaka, akatoa mfano wa kesi aliyowahi kuamua, akasema yai lirudishwe ila jirani apewe kifaranga mmoja. Wanawe wote wanasikiliza kwa heshima. Nami, kwa ujinga wangu, nikasema, "Baba, jogoo hatagi."

Hakuna aliyecheka. Chakula kilipokuja, firigisi ilipita mbele yangu ikaenda kwa shemeji yangu mdogo, kijana wa kidato cha pili.

Tangu siku hiyo mkubwa simtegei mbele ya watu. Ikinibidi, namuuliza tukiwa wawili, tena naanza kwa kusema mimi mwenyewe nilikosea. Akipata, nampa sifa zake. Akikosa, tunacheka sote.

Mzee hakusahau. Krismasi iliyofuata aliniita chini ya mwembe, sisi wawili tu. "Mkwe wangu, mtu alikuwa na ng'ombe kumi na watatu. Wakafa wote isipokuwa wanne. Wamebaki wangapi?"

"Tisa, baba," nikasema upesi.

"Wanne," akasema. "Na ndio hao ninaokudai."