Wageni kununua klabu yetu: jibu kwa ndugu wa Urambo kuhusu Manchester United

Ndugu yetu wa Urambo ameleta suala ambalo limewagawa mashabiki wenzake wa Manchester United. Baadhi yao wanasema klabu iliharibika siku ilipoingia mikononi mwa Wamarekani, kwa sababu mgeni hana uchungu na kitu ambacho hakukulia nacho. Wengine wanajibu kwamba fedha haina kabila, na mwenye nazo aachwe anunue. Ameuliza nani ana haki, na kama sisi wa mkoa wa Tabora, ambao hatujawahi kukata tiketi ya uwanja wao wa Old Trafford, tuna sababu yoyote ya kulivalia njuga suala hilo. Mwishoni ameuliza kama wasusie jezi. Nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nimeishabikia klabu hii tangu miaka ya tisini, na nilikuwa katibu wa tawi letu la mashabiki hapa Tabora mjini katika kipindi ambacho ubishi huu ulikaribia kulivunja.

Tuanze na kilichotokea, maana wengi wanaobishana hawakifahamu vizuri. Hisa za klabu ziliingizwa katika Soko la Hisa la London mwaka 1991, na tangu siku hiyo yeyote mwenye fedha aliweza kuzinunua. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilitoa ofa ya pauni milioni 623. Mashabiki wakajipanga kuipinga, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikauzuia ununuzi huo. Kisha ikaja familia ya Glazer kutoka Marekani, ambayo tayari ilimiliki timu ya Tampa Bay Buccaneers kule Florida. Walinunua hisa kidogo kidogo hadi Mei 2005, wakati matajiri wawili wa Ireland, John Magnier na J.P. McManus, walipowauzia fungu lao la zaidi ya robo ya klabu na kuwavusha nusu. Klabu ilithaminiwa kwa takriban pauni milioni 790, na katika hizo zaidi ya milioni 500 zilikuwa za kukopa, nyingine zikidhaminiwa kwa mali za klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikajikuta inadaiwa gharama za kununuliwa kwake.

Jambo hili nililielewa mapema kuliko wenzangu kwa sababu ya kazi niliyokuwa nikiifanya. Nilikuwa karani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na anayeijua tumbaku anajua kwamba mkulima hapokei mbolea kwa fedha taslimu: anaipokea kwa mkopo uliochukuliwa kwa jina la chama, kisha siku ya malipo anakatwa. Msimu mmoja viongozi wa chama cha jirani walikopa kwa ajili ya mambo ambayo mkutano mkuu haukuyajadili, na dhamana ikawa tumbaku ya wanachama ambayo ilikuwa bado imo mabanini, ikikaushwa. Wakulima walilijua deni hilo siku ya malipo, walipouliza makato yale yametoka wapi na karani akakosa la kuwaeleza. Ununuzi wa 2005 ulipita njia hiyohiyo. Mnunuzi alikopa, akaweka rehani kile alichokuwa anakinunua, na makato yakaangukia mapato ya klabu, yaani viingilio, haki za televisheni na wadhamini. Ninaomba ndugu zangu mnaosema kwamba mgeni hana uchungu mlizingatie hili: wale viongozi wa chama cha jirani walikuwa wazawa wa kijiji kilekile, na baadhi yao walikuwa wajomba wa hao waliokatwa.

Hoja ambayo ilitushinda kwa miaka mingi ni ile ya makombe. Baada ya ununuzi, timu ilichukua ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, ikatwaa na Ligi ya Mabingwa kule Moscow mwaka 2008 kwa kuifunga Chelsea kwa penalti. Katika kibanda umiza, tunakolipia kutazama mpira, ungemwambia nani habari ya riba usiku ule? Ukianza kueleza deni, mtu anakuuliza ni deni gani hilo linaloleta vikombe. Jibu lililotakiwa ni kwamba vikombe vile vililetwa na kocha Sir Alex Ferguson, ambaye alikuwepo kabla ya mnunuzi kufika, na kwamba kazi yake ndiyo iliyoufunika mzigo. Alistaafu mwaka 2013, na ubingwa wa ligi haujarudi tangu hapo. Sisemi kwamba deni peke yake limefanya hivyo, kwa sababu fedha nyingi sana zimetumika kununua wachezaji ambao hawakustahili bei zao, na hilo ni kosa la uongozi. Hata hivyo, mwezi Mei 2024, kwenye mchezo dhidi ya Arsenal, mvua iliponyesha Old Trafford maji yalimwagika kutoka kwenye paa kama maporomoko. Uwanja unapovuja kwa miaka huku klabu ikilipa riba kila mwaka, shabiki ana haki ya kuuliza ni nini kilitangulizwa.

Wenzetu wa Manchester walilipinga jambo hili kwa njia mbili. Baadhi waliondoka kabisa mwaka 2005 na kuanzisha FC United of Manchester, klabu ya madaraja ya chini ambayo kila mwanachama ana kura moja. Waliobaki walianza mwaka 2010 kuvaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa reli iliyoundwa mwaka 1878 na ambayo ilibadilishwa jina kuwa Manchester United mwaka 1902. Kwa mji kama wetu, ambao njia ya reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachania hapa na ambao nusu ya wazee wake wametumikia reli, habari ya timu ya wafanyakazi wa reli iligusa watu. Mwezi Machi mwaka huo David Beckham, mchezaji wa zamani wa United, akiwa amekuja na AC Milan, aliokota skafu moja baada ya mchezo na kuivaa shingoni, na sisi sote tuliona.

Nilipendekeza tawi letu nalo livae rangi hizo. Kilichofuata hakikuhusu Glazer hata kidogo. Zaidi ya nusu ya wanachama wetu walikuwa Simba, na walisema wazi kwamba hakuna deni la Mzungu yeyote litakalowavalisha kijani na njano mbele ya watu wa Yanga wa mtaani kwao. Watu wa Yanga waliokuwemo tawini wakaunga mkono pendekezo kwa furaha iliyozidi kipimo, jambo ambalo liliharibu mambo zaidi. Tuliahirisha kikao na hatukukirudia. Ninalitaja kwa sababu linajibu sehemu ya swali lako: shabiki wa mbali huibeba klabu pamoja na mambo yake ya nyumbani, na mtu akitaka kuwaunganisha mashabiki wa huku lazima ajue hayo kwanza.

Mgawanyiko mkubwa zaidi ulitupata mwishoni mwa mwaka 2022, familia ya Glazer ilipotangaza kwamba inafikiria kuuza. Wakajitokeza wawili walioongoza: Sheikh Jassim bin Hamad Al Thani wa Qatar, aliyetaka klabu yote na kuahidi kufuta deni, na Sir Jim Ratcliffe wa kampuni ya INEOS, aliyezaliwa Failsworth, jirani kabisa na Manchester, na ambaye aliishabikia timu hii tangu utotoni. Tawi letu liligawanyika karibu sawa kwa sawa, na kwa aibu kidogo ninasema kwamba mstari ulielekea kufuata dini. Mwenzetu mmoja Mwislamu alilalamika kwamba Waingereza hawakuwahi kupiga kelele namna ile kuhusu matajiri wengine, na kwamba Mwarabu akija ndipo haki za binadamu zinakumbukwa. Alikuwa na hoja. Tajiri wa Urusi, Roman Abramovich, aliimiliki Chelsea tangu 2003, na fedha zake zilianza kuchunguzwa kwa ukali vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022.

Lakini hoja hiyo haikamiliki bila Newcastle. Mwezi Oktoba 2021 klabu ile ilinunuliwa kwa takriban pauni milioni 305, na asilimia 80 ikachukuliwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Mmiliki aliyeondoka, Mike Ashley, alikuwa Mwingereza, na mashabiki walikuwa wamemchoka kiasi kwamba walijaa nje ya uwanja kushangilia kuondoka kwake. Wakati huohuo shirika la haki za binadamu la Amnesty International lilikuwa ikikumbusha mauaji ya mwandishi Jamal Khashoggi, aliyeuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia jijini Istanbul mwaka 2018. Nilimjibu mwenzangu kwamba Khashoggi alikuwa Msaudi na Mwislamu, na kwa hiyo kuuliza habari zake si kuitukana dini ya mtu. Mnunuzi anapokuwa serikali, kinachonisumbua ni kwamba shabiki hubadilika taratibu kuwa msemaji wa serikali hiyo bila kulipwa. Mwaka 2025 Newcastle waliifunga Liverpool na kutwaa Kombe la Ligi, taji lao kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955, na sidhani kama mtu aliyesubiri miaka 70 anaweza kulaumiwa kwa kulia machozi. Ninachokataa ni kumtaka aache na kuuliza.

Sheikh Jassim alijitoa Oktoba 2023. Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya klabu na kukabidhiwa shughuli za soka mapema mwaka 2024, familia ya Glazer ikibaki na kura nyingi. Wale waliosema mzawa atakuwa na uchungu walishangilia. Ndani ya mwaka mmoja wafanyakazi wa klabu wapatao 250 walikuwa wameondolewa, malipo ya Ferguson kama balozi wa klabu yalikuwa yamesitishwa, na tiketi zilizosalia za msimu zilikuwa zimepandishwa hadi pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Inawezekana hesabu zilimlazimisha. Klabu ilikuwa ikipata hasara mwaka baada ya mwaka. Lakini aliyebana mkanda kwa ukali kuliko wote ni mtoto wa palepale, na hilo linatosha kuipumzisha hoja ya uzawa katika kundi lenu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi nisingewauliza wabishi wenu mnunuzi anatoka wapi. Ningewauliza fedha ya kununulia imetoka wapi, deni linabaki kwa nani, na ni jambo gani ambalo mmiliki hawezi kulifanya bila mashabiki kukubali. Ujerumani wamelijibu hilo la tatu kwa kanuni inayotaka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, ingawa wana vighairi vyao. Hapa kwetu nasi tunayo: Simba ilipoanza mabadiliko mwaka 2017, na Mohammed Dewji akashinda zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, utaratibu uliowekwa na serikali ulibakiza asilimia 51 kwa wanachama na kumpa mwekezaji 49. Ninaupenda utaratibu huo kwenye karatasi. Kwenye mkutano mkuu, wanachama wasiosoma hesabu wana asilimia 51 za kupiga makofi, kama nilivyoona katika tumbaku.

Na wale wanaosema mambo haya ni ya Ulaya waangalie uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora. Timu iliyopanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2023 ilikuwa ikiitwa Kitayosce, jina lenye asili ya Kilimanjaro. Ikawa Tabora United, tukajivunia. Mwaka 2025 ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Hakuna mgeni aliyehusika, na huenda timu sasa ina mishahara ya uhakika kuliko zamani. Ila jina la mji limetoka kwenye jezi, na sisi tuliokuwa tukikaa jukwaani hatukuwa na kura ya kupiga, kwa sababu hatukuwahi kuidai tulipokuwa tukipokea timu ya watu wengine.

Kuhusu kususia jezi, ninawashauri msijisumbue. Jezi tunazonunua sokoni hapa na huko Urambo hazijawahi kupita mikononi mwa Glazer wala Ratcliffe, na atakayeumia ni kijana anayezipanga kwenye turubai. Kitu pekee kinachotoka mifukoni mwetu na kufika Uingereza, japo kwa kuzunguka, ni malipo ya kisimbusi, kwa kuwa haki za televisheni za nje ni sehemu kubwa ya mapato ya ligi yao. Mkitaka mgomo wenye maana, mwambieni mwenye kibanda asilipie kifurushi mwezi ujao, kisha mtuandikie hapa alivyowajibu.